Nduru za Duma: metali ya Kenya ikisikilizwa kutoka Kisumu

Kwa Kiswahili duma ni yule mnyama wa mbio. Wenye bendi wanasema kwao ni neno la Kikuyu na maana yake ni giza. Ongeza herufi moja mbele unapata nduma, ile inayochemshwa na kuletwa na chai asubuhi, na hapo shughuli yote ya kutisha watu inaharibika. Naanza na jina kwa sababu kila nikiwapigia watu muziki huu hapa Kisumu, swali la kwanza ni hilo: kwani hawa ni wa wapi? Ni wa Nairobi, na ni wawili tu. Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndiye sauti. Sam Karugu ndiye gitaa na mashine. Albamu yao, iliyoitwa Duma vilevile, ilitoka Agosti 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Ndiyo, najua. Kwa Kiganda jina hilo linahusu ile hamu ya kucheza inayomshika mtu ghafla. Kwa Kiswahili, kaulize nyumbani.)

Nitasema msimamo wangu mapema ili usinisubiri. Duma ndiyo albamu nzito kuliko zote zilizowahi kutoka Kenya, na uzito wake ulipatikana kwa kuondoa vitu. Hawa jamaa walitoka kwenye bendi za metali za kawaida, zenye magitaa, besi na seti ya ngoma, wakatupa karibu kila kitu, na kilichobaki kikawa chao. Miaka michache baadaye Spikeheart akaanza kuongeza vitu tena. Hapo ndipo mimi na yeye tunabishana, ijapokuwa yeye hana habari.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia humu: deth metali ni muziki wa miaka ya 1980, na Florida ni moja ya sehemu ulikozaliwa. Bendi iliyojiita Death ilitoa Scream Bloody Gore mwaka 1987. Mwaka huohuo, Birmingham kule Uingereza, Napalm Death wakatoa Scum na kufungua njia ya graindikoo, ambayo ni metali na panki zikikimbizwa mpaka zinakosa pumzi. Kwenye albamu hiyo kuna wimbo wa sekunde moja na kidogo. Si utani, ni wimbo kamili kwa hesabu zao. Sauti ya mwimbaji wa muziki huu inanguruma kutoka tumboni au inapasuka juu kama bati likikatwa. Ngoma zinapigwa kwa kasi mpaka pigo moja hulitofautishi na jingine.

Nairobi muziki huu ulifika kwa njia ambazo kila kitu hufika: CD za kuchoma, binamu aliyerudi kutoka ng'ambo, halafu intaneti. Kulikuwa na X FM kwenye 105.5 ikipiga roki. Kulikuwa na kundi dogo la wasee wa fulana nyeusi waliojuana wote kwa majina. Bendi zilikuwa na majina kama Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy, Seeds of Datura, Lust of a Dying Breed. Khanja alitoka kwenye hii ya mwisho, Karugu alitoka Seeds of Datura.

Hebu yatazame hayo majina tena. Hakuna hata moja ambalo nyanya yako angelitamka bila kujiuma ulimi, na nadhani hiyo ilikuwa nusu ya raha. Zilikuwa bendi za watu wanaojua kazi yao. Lakini ukizisikiliza leo unasikia pia mtihani waliokuwa wakiufanya kila wimbo: je, tumefanana? Bendi ya Florida haijiulizi kama inafanana na Florida. Ya Nairobi ilijiuliza kila siku, na watu waliokuja kwenye shoo walikuja na swali hilohilo mfukoni. Sifa kubwa kabisa uliyoweza kupewa ni kwamba mtu akifunga macho hawezi kujua wewe ni Mkenya.

Halafu kuna mambo ya pesa, ambayo wahakiki wengi hawapendi kuyagusa. Deth metali ni muziki wa gharama. Unahitaji seti ya ngoma yenye besi mbili, amplifaya za nguvu, chumba cha mazoezi ambacho majirani hawatakuja kugonga mlango, na fundi wa sauti anayeelewa kwamba ile kelele umeikusudia. Fundi aliyezoea kwaya atakupunguzia gitaa, akuongezee mwangwi kidogo kwenye sauti, na atakuwa anakutakia mema. Kwa hiyo bendi nyingi za aina hii, hapa na kwingine Afrika, husikika nyembamba kwenye rekodi hata kama kwenye shoo zilikuwa moto. Hawakukosa kipaji. Walikuwa wanapigana na vyombo vya watu wengine, kwenye vyumba vilivyojengewa mambo mengine.

Mwaka 2019 Khanja na Karugu walivuka mpaka wakaenda kurekodi Kampala, kwenye studio ya Nyege Nyege. Watu wa huku tungepaswa kuikumbuka safari hiyo kuliko tunavyoikumbuka. Tamasha la Nyege Nyege lilianza 2015 upande wa Jinja, pale Nile inapotoka ziwani. Ziwa ni letu sote. Kutoka Kisumu, Jinja iko karibu kuliko Nairobi. Ni ule mpaka wa Busia tu, na foleni yake ya malori, unaotufanya tuione kama ng'ambo.

Lebo hiyo ilikuwa tayari imetoa singeli ya Dar es Salaam. Sounds of Sisso, mkusanyiko wa studio ya Sisso, ulitoka 2017. Kama hujawahi kusikia singeli, ni vijana wa uswahilini wanaochukua vipande vya taarabu na mchiriku na kuvipeleka mbio kwa kompyuta, mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, huku mtu anachana juu yake kana kwamba anafukuzwa na askari wa manispaa. Unaona ninakoelekea. Kasi ileile ambayo mpiga ngoma wa graindikoo anaitafuta kwa miguu miwili na miaka kumi ya mazoezi, mtoto wa Tandale anaipata kwa laptopu ya mitumba, na watu wanaicheza harusini.

Ninaposikiliza Duma nasikia wanamuziki wawili walioingia katika nyumba ambamo kasi haikuwa kitu cha kigeni. Seti ya ngoma wakaiacha. Mapigo yote ni ya mashine, na mashine haijifanyi mtu. Haichoki, haipumui, haipunguzi kasi ili mwimbaji ameze mate. Gitaa la Karugu limo, lakini limesagwa pamoja na mingurumo na milio ya umeme mpaka hujui linaanzia wapi. Wimbo wa kwanza, "Angels and Abysses", haukukaribishi. Ni kama kuingia chumba ambamo ugomvi ulianza kabla hujafika. "Lionsblood" ndio ninaompigia mtu anayedai hana shida na muziki wowote. Kuna mmoja unaitwa "Pembe 666", jina ambalo limemfanya shangazi yangu ageuze simu yangu kifudifudi mezani kabla sauti haijaanza, na kuna mwingine unaitwa "Uganda with Sam", kama picha ya safari iliyobandikwa kwenye albamu ya familia. Nyimbo ni tisa. Ya sita au ya saba utataka kupumzika, na hilo nalihesabu kama kasoro ndogo. Mashine isiyochoka inaweza kumsahau msikilizaji anayechoka.

Sauti sasa. Kazi inayonilipia nyumba ni ya kunakili: mtu ananitumia rekodi ya mkutano au mahojiano, mimi naandika kila kilichosemwa. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na hiyo ndiyo taaluma niliyotoka nayo, masikio. Siku moja nilijaribu kunakili "Omni" kwa sheria zilezile za kazini, muda pembeni, msemaji, maneno. Ukurasa ulijaa neno moja, "haisikiki", mstari baada ya mstari. Hata hivyo hakuna sekunde ambayo sikujua msemaji anamaanisha nini. Sijui waimbaji wengi wa Kenya ambao ningeweza kusema hivyo juu yao, wakiwemo wale ambao maneno yao yanasikika vizuri sana.

Kuna njia rahisi ambayo hawakuifuata, na wanastahili kusifiwa kwa hilo. Bendi ya Kiafrika ikitaka kupendwa na wageni hutiliwa kitu kidogo cha asili juu yake, kama dania juu ya supu. Nyatiti mwanzoni, kwaya ya kina mama katikati, halafu gitaa linaendelea kama kawaida. Sepultura, Wabrazili wa Belo Horizonte, walifanya jambo la namna hiyo mwaka 1996 kwenye Roots, wakaenda mpaka kwa Waxavante kurekodi nao, na matokeo yalikuwa makubwa kwa sababu walikwenda kwa miguu yao na wakakaa. Wengi waliowaiga hawakukaa popote. Duma hawakutia dania. Hakuna ala ya asili iliyoletwa mbele ili uitambue na kupiga makofi. Na bado nasisitiza kwamba muziki huu ni wa hapa, kuliko zile bendi za fulana nyeusi zilivyokuwa.

Ili nieleze hilo lazima nirudi Kisumu, kwenye ohangla.

Zamani ohangla ilikuwa ngoma zenyewe, zilizowambwa ngozi ya kenge, na orutu yenye uzi mmoja ikilia juu yake. Ilikuwa muziki wa mazishi na sherehe za watu wazima, wenye maneno ambayo watoto walifukuzwa wasiyasikie. Halafu kikaja kizazi cha kina Tony Nyadundo, Onyi Papa Jey na Lady Maureen, na kinanda kikachukua nafasi kubwa. Kinanda cha umeme, chenye ngoma zake humo ndani. Wazee walilalamika, na wengine bado wanalalamika ukiwanunulia kimoja. Walisema ni muziki wa betri. Lakini nenda Kondele usiku wa Jumamosi usikilize kile kinanda saa nane, mchezaji akiwa ameshika mzunguko mmoja kwa dakika ishirini bila kuuacha, spika imepita uwezo wake na inakwaruza. Hicho kikwaruzo kimeshakuwa sehemu ya ohangla. Ukikiondoa watu watauliza kuna nini leo.

Kabla ya hapo benga ilifanya vilevile. Vidole vilivyokuwa kwenye nyatiti vilihamia kwenye gitaa la umeme. D.O. Misiani na Shirati Jazz hawakuweka nyatiti juu ya gitaa kama pambo. Walilifanya gitaa lifikiri kama nyatiti. Na nyatiti yenyewe, ukiitazama inavyopigwa, ni bendi nzima ndani ya mtu mmoja: nyuzi nane mikononi, kengele za gara zimefungwa mguuni, na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole cha mguu ikigonga ubao. Chuma kinagonga mbao kwa nguvu, bila kusimama, usiku kucha, mtu anaimba juu yake kuhusu waliokufa. Usiniambie huku hatuna masikio ya muziki mzito.

Ninachosema ni kwamba muziki wa pande hizi haukuwa mali yetu kwa kulinda vyombo. Kila mara kuna mtu alibadilisha chombo, akakasirikiwa, na ndipo ule muziki ukaanza kusema jambo jipya. Duma waliifanyia metali kile ambacho kinanda kiliifanyia ohangla. Chombo chenye heshima kikaondoka, cha bei nafuu kikaingia, na ule mtihani wa kufanana ukafutwa kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha kufanana nacho.

Kuna jaduong' mmoja jirani yetu anayepiga orutu, na hujaribiwi kweli mpaka umepigia muziki wako mtu kama huyo. Nilimwekea dakika mbili za Duma kwenye spika ndogo. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye shavu. Halafu akauliza, "Omera, huyu kijana amefiwa na nani?"

Nikamwambia, "Hajafiwa, jaduong'. Ni muziki tu."

"Basi mbona anapiga nduru?"

Nduru ni neno zuri kwa sababu ni la Kiluo na Kiswahili cha Kenya tunalo pia. Kwa Kijaluo, nyumba ikipata msiba nduru ndiyo tangazo la kwanza. Inapigwa kabla ya simu, kabla ya kamati ya harambee, na kijiji kizima kinajua. Halafu mzee akizikwa kuna tero buru, wanaume wanatoka mbio na ng'ombe, mikuki na ngao, siku hizi na bodaboda na honi, wakipigana na kifo hewani na kukifukuza mpaka nje ya boma. Kelele ndiyo kazi yenyewe. Kifo hakisikii sala ya upole, kinahitaji kufokewa. Mtu aliyekulia hapo akiambiwa kwamba kuna muziki wa Wamarekani unaoitwa wa mauti, wenye kelele nyingi, hashangai. Anauliza amefiwa nani.

Na hilo ndilo swali ambalo deth metali ya Florida haiwezi kulijibu vizuri. Vifo vyake vingi ni vya filamu: maiti zinazotembea, damu ya rangi. Ya Duma haina filamu. Ilitoka wakati wa kafyu, 2020, mwaka ambao Kenya ilifungiwa ndani usiku na polisi wakabaki nje. Hapa Kisumu tulikuwa bado na Agosti 2017 mwilini, ile ya mtoto wa miezi sita wa Nyalenda aliyepigwa rungu la polisi nyumbani kwao, akafa. Sidai kwamba Khanja alikuwa akipiga nduru kwa ajili ya Nyalenda. Ninasema tu kwamba nilipoisikia mara ya kwanza sikuhitaji kutafsiriwa. Tumezungukwa na muziki unaotuambia mambo yatakuwa sawa, redioni, kanisani, kwenye matatu. Ilikuwa nafuu kumsikia mtu asiyesema hivyo.

Najua kuna msomaji tayari ana neno "shetani" mdomoni. Ni neno lenye historia ya serikali hapa kwetu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada ya shetani, na ripoti yake ikafika bungeni 1999. Kizazi cha wazazi wetu kilikua na hofu hiyo ikiwa na muhuri. Kwa hiyo mtu akiona 666 kwenye jina la wimbo, mlango unafungwa, na mwanamuziki naye anafurahia kuufunga kwa sababu inampa sifa ya ukorofi. Mimi hizo pembe na namba ndizo zinazonichosha zaidi kwenye albamu. Ndiyo sehemu pekee ambayo bado inanuka fulana ya zamani. Sauti imeshavuka mpaka, majina ya nyimbo bado yako kwenye foleni Busia.

Baada ya albamu mambo yaliwaendea haraka. Sub Pop ya Seattle, lebo ileile iliyowatoa Nirvana mwanzoni, ikawatolea singo yenye nyimbo mbili, "Cannis" na "Mbukinya". Mtu yeyote wa magharibi mwa Kenya analijua hilo jina la pili kutoka ubavuni mwa basi, na nikikuambia kwamba nilicheka peke yangu kwenye matatu ya Ahero nilipoliona kwenye orodha ya lebo ya Seattle, niamini. Spikeheart alisikika pia kwenye Tewari ya Scotch Rolex mwaka 2021, Mjapani aliyekwenda Kampala na kufanya albamu na wachanaji wa huko, kina MC Yallah na Swordman Kitala. Hapo ndipo unaanza kusikia kule anakoelekea. Sauti yake ikiwa mgeni kwenye midundo ya mtu mwingine inakaa vizuri ajabu, kama kiungo kikali kwenye chakula ambacho mwenyewe hakukipika.

Aprili 2024 ikaja The Adept, albamu yake binafsi, chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Hekalu, ndiyo. Ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, nyanya yake kiukoo, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, aliyekaa msituni mpaka uhuru na kufariki Septemba 2023. Wengi tunamkumbuka kwa zile nywele ndefu alizozifuga tangu msituni na ambazo zilikatwa 2022 mbele ya kamera. Wasee wa metali nao wana ibada yao ya nywele, na sijui kama kuna mwanamuziki mwingine wa aina hii duniani anayeweza kusema nywele za kwao zilikuwa na sababu nzuri hivyo.

Kwa hiyo swali la jaduong' hapa lina jibu. Huyu kijana amefiwa, na tunajua na nani. Ndiyo maana The Adept ina mwanzo mzuri kuliko Duma: ile hasira imepata anwani. Rekodi nayo ni safi zaidi. Besi inashuka mpaka kifuani na ngoma zina nafasi kati yake. Wageni ni wengi. Yuko James Ginzburg wa Emptyset, yuko DJ Die Soon, yuko Fatboi Sharif wa New Jersey, yuko Backxwash, mchanaji aliyezaliwa Zambia na kuishi Kanada, na huyo ndiye mgeni ninayemwelewa zaidi kwa sababu naye anatoka kwenye ukoo wa watu wanaoabudu na kulaani kwa pumzi moja. Kuna wimbo unaitwa "4AM in the Mara", na jina peke yake lina picha nyingi kuliko majina yote ya Duma yakikusanywa.

Lakini. Kila mgeni anakuja na chumba chake. Unahama kutoka kwa prodyusa mmoja hadi mwingine, na kila mmoja ni hodari, na kila mmoja amemwekea Spikeheart jukwaa lenye taa nzuri. Kwenye Duma hakukuwa na jukwaa. Kulikuwa na watu wawili na ukuta, na mmoja alikuwa ndiye anayeujenga huo ukuta huku mwenzake akiupiga vichwa. Karugu hasifiwi vya kutosha. Watu wanakumbuka nduru, na nduru ndiyo inayopigwa picha, lakini kilichoifanya itishe ni kwamba mashine haikumpisha. Alilazimika kupigania kila sekunde ya kusikika. Kwenye The Adept anasikika bila kupigana. Amekuwa nyota, na nyota hupishwa njia. Kuna dakika humo ndani ninasikia msanii mkubwa akifanya kile anachojulikana kwacho, na hiyo ni hatari ya zamani kuliko metali, muulize mwanamuziki yeyote wa benga aliyeishi mpaka kuanza kulipwa vizuri.

Nimeisikiliza mara nyingi zaidi ya nilivyopanga, lakini. Miezi miwili baada ya kutoka, Juni 2024, vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, hapa na kila mahali, na tarehe 25 wakaingia bungeni Nairobi, na wengine hawakurudi nyumbani. Wiki zile nilishindwa kusikiliza kitu chenye kiitikio. Duma ilikuwa imejifungia mno. The Adept ilikuwa na mtu ndani yake anayemkumbuka mzee wake aliyekwenda msituni, na kasoro zote nilizozitaja hapo juu sikuzisikia kwa karibu mwezi mmoja. Zilirudi baadaye, moja moja, kama majirani baada ya mvua. Sizifuti.

Albamu yake nyingine ningependa iwe fupi, ya watu wawili na mashine moja isiyompisha. Kama anatafuta huyo wa pili, Kondele kuna wacheza kinanda wanaokesha mpaka alfajiri bila kupoteza mzunguko, spika inakwaruza tayari, na hawatamtoza bei za Ulaya.